Uyoga wa Nyuma ya Shule

Mwaka wangu wa pili kazini niliwatoa wanafunzi wa kidato cha pili darasani nikawapeleka porini, na kwa sababu ya yale tuliyoandika huko watu wawili walikufa. Mkuu wangu wa shule aliwahi kuniambia nisiseme hivyo, kwamba najibebesha mzigo usio wangu. Mama yangu naye aliniambia hivyo hivyo kwa simu. Lakini wao hawakuwepo. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa.

Shule yetu iko pembezoni mwa makazi ya Katumba, si mbali sana na Mpanda mjini kama umepanda bodaboda na mvua haijaharibu barabara. Wanafunzi wengi ni wajukuu wa watu waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Nyumbani wanaongea Kirundi, mpirani na gulioni wanaongea Kiswahili, na darasani wanatakiwa waongee Kiingereza. Mimi natoka Singida. Nimekua najua mtama, alizeti na vumbi. Msitu niliusoma kwenye vitabu vya chuo. Nilipofika Katumba na kuona miombo imesimama hadi upeo wa macho, wiki ya kwanza niliogopa hata kwenda kuchimba dawa.

Ila miombo hiyo ilikuwa inaisha. Kila aliyelima tumbaku alikuwa na bani la kukaushia, na kila bani lilikula miti ya jirani mpaka pakabaki visiki. Nyuma ya vyoo vya wavulana, ukishavuka uwanja wa mpira, kilikuwepo kipande kimoja ambacho hakikuguswa kwa sababu kiko ndani ya mpaka wa shule. Palikuwa na mininga, mitundu, mikusu inayozaa matunda ambayo watoto waliyamaliza kabla hayajaiva, na chini yake majani makavu yaliyorundikana miaka na miaka. Walimu wengine walikitumia kukatia fimbo.

Darasani mambo yalikuwa magumu. Nikiuliza swali kwa Kiingereza, darasa zima linainamia madawati kama watu wanaosali. Nikiuliza tena, mmoja anasimama, anarudia maneno ya mwisho ya swali langu, anakaa. Siku moja ya mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, mada ilikuwa fangasi. Kitabu kilikuwa na mchoro wa uyoga, lakini ni nakala ya nakala, na nusu ya uyoga wenyewe ilikuwa imegeuka doa jeusi. Nikafunga kitabu. Nikawaambia kwa Kiswahili, "Chukueni madaftari. Tunatoka."

Sijawahi kuona watoto wakibadilika upesi namna ile. Tulivuka uwanja, tukaingia chini ya miti, na wale wale waliokuwa wananikwepa macho wakaanza kunivuta mikono. Madamu, njoo uone huku. Madamu, mti huu ukiukata unatoa damu. Madamu, huu mzizi tunampa mtoto akiumwa tumbo. Walikuwa na msitu mzima vichwani na hakuna mtu shuleni aliyewahi kuwauliza.

Palikuwa na msichana mmoja mwembamba, anakaa dirishani, ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kusikia kutoka kwake zaidi ya "ndiyo madamu" na "hapana madamu." Siku ile alinishika sketi.

"Madamu, usikanyage hapo. Kuna uyoga, bado haujatoka."

Nilitazama nikaona majani makavu tu. Akachutama, akayafunua kwa vidole viwili. Ardhi ilikuwa imevimba na kupasuka, na ndani ya ule ufa mlikuwa na kitu cheupe kama yai.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi. Yeye anachimba mpaka chini, anaangalia mguu wote ulivyo. Akiwa na wasiwasi anatupa."

"Na wewe unaujua?"

"Kidogo. Tukienda naye, yeye ndiye anasema huu ndiyo, huu hapana."

Alizungumza siku ile kuliko siku zote nilizomfundisha. Nilirudi nyumbani na tope kwenye viatu, nikiwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye ameijua kazi yake. Tangu hapo, kila Alhamisi vipindi viwili vya mwisho vilikuwa vya porini.

Alhamisi ya tatu ndiyo yenye shida. Nilikuwa nimewaambia walete aina za uyoga walizoziona, tuzipange chini tuzichore. Kijana mmoja akaleta uyoga mweupe, mkubwa, umetafunwa ukingoni.

"Madamu, huu umeliwa na konokono. Kwa hiyo hauna sumu, au siyo?"

Kabla sijajibu darasa likalipuka. Wakasema ndiyo, kinacholiwa na mdudu mtu naye anakula. Mwingine akasema ukiupika na kitunguu, kitunguu kikibadilika rangi basi ni sumu, kisipobadilika kula. Mwingine akasema ule unaomenyeka ganda vizuri ndio mzuri. Walikuwa wanabishana kwa sauti, wanacheka, kila mmoja anataka kusikika. Mimi sikuwa najua jibu. Kwetu Singida uyoga ulikuwa chakula cha kusikia kwa wengine. Nilitakiwa kusema sijui. Ni neno fupi, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini halikutoka. Nadhani nilipenda ile kelele. Nilipenda kuona wanafundishana, na niliona nikisema sijui nitawarudisha kwenye kimya chao.

Nikasema, "Vizuri sana. Andikeni yote hayo. Kichwa cha habari, njia za kutambua uyoga usio na sumu."

Yule msichana aliinua mkono nusu. Nilimwona. Halafu akaushusha, akaandika kama wenzake.

Jumatano iliyofuata nilisahihisha madaftari yao, rundo zima, huku nasikiliza redio na chai inapoa pembeni. Ukifika daftari la ishirini husomi tena, unaangalia kama ukurasa umejaa. La yule msichana lilikuwa safi kuliko yote, mistari imepigwa kwa rula, mchoro umetiwa rangi. Niliweka alama ya pata kwa wino mwekundu kwenye kila njia, moja, mbili, tatu, na chini nikaandika, "Vizuri sana, endelea hivyo." Siku iliyofuata nikawarudishia madaftari yao.

Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya usafi, msichana yule alipita nyuma ya shule akachuma uyoga. Nyumbani kwao waliishi wanne: bibi mzaa baba, mama yake ambaye alikuwa mjane, yeye, na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kapalamsenga, kule ziwani, kwa mwanawe mmoja ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Msichana alifika nyumbani na uyoga mweupe umejaa kwenye sweta. Mama akauliza kama ni salama. Akafungua daftari akamsomea.

Mama aliupika kwa karanga, wakala na ugali.

Hayo niliyajua baadaye. Nilichokijua mwanzo ni kwamba Jumatatu asubuhi msichana alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, uso umesawajika, midomo imekauka.

"Shikamoo madamu. Naomba ruhusa nirudi nyumbani. Mama na mdogo wangu wanaumwa."

"Marahaba. Wana nini?"

"Tulikula uyoga Ijumaa. Jumamosi alfajiri wote tukaanza kutapika na kuharisha. Mimi nilikula kidogo. Tukaenda zahanati wakatundikiwa dripu, wakaambiwa hali ikibadilika warudi haraka. Jana wamepata nafuu. Mama ameamka, amefagia na uwanja. Lakini anasema amechoka."

Nikamtoa nje, mbali na wenzangu.

"Uyoga gani?"

"Ule mweupe wa hapo nyuma. Ulikuwa umeliwa na konokono, madamu. Na kitunguu hakikubadilika."

Alisema hivyo bila lawama yoyote. Alikuwa ananieleza kama mwanafunzi anayeonyesha kuwa amefuata hatua zote. Na mimi nilishika neno moja tu katika yote aliyosema, lile la nafuu. Wamepata nafuu. Amefagia na uwanja. Nilitaka jambo hilo liwe limekwisha, kwa hiyo nikaamua kwamba limekwisha.

"Basi wanywe maji mengi," nikamwambia. "Na uji. Wewe kaa nao leo, kesho uje shule."

Sikumwambia awarudishe zahanati. Sikuuliza mtu, sikutafuta popote. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa na daktari mmoja niliyesoma naye ambaye angejibu kwa dakika mbili. Baadaye nilimpigia, ilipokuwa haina maana, akaniambia uyoga wa aina hiyo hufanya hivyo: unamharisha mtu, unamwacha siku moja au mbili ajione mzima, na muda huo wote unalila ini. Nilimuuliza kama Jumatatu ilikuwa bado mapema. "Huwezi kujua," akasema, "lakini Jumatatu ilikuwa bora kuliko Jumatano."

Jumanne hakuja. Jioni ile macho ya mtoto yalikuwa ya njano. Jumatano asubuhi baba zake wadogo walimpakia mama na mtoto kwenye gari la mtu aliyekuwa anapeleka mahindi mjini, na mtoto akafia njiani, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya dada yake. Mama alifika hospitali. Alifariki Alhamisi, saa ambazo darasa lake lingekuwa porini.

Tangazo lilitolewa mstarini. Mwalimu wa zamu alisema mwanafunzi wa kidato cha pili amefiwa na mama na mdogo wake, tusimame kimya dakika moja. Nilisimama. Mbele yangu safu nzima ya darasa langu walikuwa wananitazama, na sikuweza kujua wanajua nini.

Tulizika Ijumaa. Walimu tulikwenda pamoja na unga na sukari, kama inavyofanyika, tukakaa kwenye mkeka wa upande wa wageni. Bibi alikuwa amerudi usiku uliopita. Alikuwa amekaa chini miguu imenyooka, halii. Msichana alikaa karibu naye na kanga begani. Aliinua kichwa mara tatu akanitazama, na nilipoona ananitazama niliangalia makaburi. Moja lilikuwa fupi sana. Kwaya ya kanisa iliimba, mvua ikaanza, watu wakaharakisha kufukia.

Wiki iliyofuata mtendaji wa kijiji alifika shuleni. Maneno yalikuwa yamezagaa kwamba watoto wanafundishwa kula uyoga. Mkuu wa shule aliniita ofisini, na mtendaji akiwa amekaa pale na kofia magotini.

"Mwalimu," mkuu aliniuliza, "mliwafundisha watoto habari za kuchuma uyoga?"

"Tulijifunza fangasi, mkuu. Iko kwenye mtaala."

"Kula?"

"Hapana. Kuchora tu na kuainisha."

"Hakuna kingine?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Niliona ule ukurasa mbele ya macho yangu, na mwandiko wangu mwekundu chini yake. Niliona kazi yangu, niliona mama yangu Singida ambaye alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba binti yake ni mwalimu wa sayansi. Nikasema, "Hakuna kingine, mkuu."

Mtendaji akavaa kofia yake. "Basi nitawaambia hivyo wanafamilia," akasema. "Maana mtoto mwenyewe anasema vingine."

Mkuu alimsindikiza, akarudi, akakaa. "Tusiongeze maneno," akaniambia. Sijui alikisia kiasi gani. Safari za porini zikasimama bila mtu kutangaza.

Msichana hakurudi darasani. Wiki ya kwanza nilisema yuko msibani. Wiki ya pili nilisema anapumzika. Wiki ya tatu nilimuuliza binti aliyekuwa anakaa naye dawati moja. Alitazama chini, anazungusha kalamu.

"Amepelekwa Kapalamsenga, madamu, kwa baba yake mdogo. Kwao hawamtaki."

"Hawamtaki kwa nini?"

"Wanasema alimuua mama yake. Alichuma uyoga wa sumu halafu akamsingizia mwalimu."

Kipindi kilikuwa kinaendelea. Niliwapa kazi ya kuandika nikatoka nje.

Siku hiyo hiyo baada ya masomo nilikwenda kwa bibi yake. Nilimkuta peke yake uani anapepeta maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: Alhamisi ile, konokono, kitunguu, alama zangu tatu nyekundu, Jumatatu, na nilichomjibu mtendaji. Ungo ulikuwa mikononi mwake na maharage yakawa yanatulia polepole mpaka yakanyamaza.

"Kwa hiyo daftari lilikuwa la kweli," akasema.

"La kweli, bibi."

"Alilileta kwenye kikao cha ukoo. Akawafungulia wanangu. Wakamwambia mwandiko ni wake mwenyewe. Akasema, na hizi alama je? Wakasema kalamu nyekundu hata dukani zipo." Alikuwa anaongea taratibu, Kiswahili chake kina mvuto wa Kirundi. "Mtendaji akaleta jibu lenu la shuleni. Mimi sijui kusoma, mwalimu. Nikaona mtoto ameua, na juu yake anadanganya. Alinishika miguu, akaapa. Nikampiga kofi."

Nilipiga magoti. Nilianza kusema nisamehe, akainua mkono.

"Toka kwanza. Njoo kesho. Leo siwezi kukuangalia."

Nilirudi kesho yake. Alikuwa amewaita wanawe wawili wanaokaa boma la jirani. Nikarudia yote mbele yao. Mkubwa alisikiliza akiwa ameegemea nguzo ya jiko, mikono imefungwa kifuani. Nilipomaliza akasema, "Sasa unataka tufanye nini, mwalimu? Tuwafukue?"

Mdogo wake alisimama akaondoka. Bibi alikuwa analia sasa, bila sauti, anasema neno moja tu kwa lugha yake, umwana wanje, umwana wanje, mwanangu, mwanangu. Sikujua anamlilia yupi, aliyezikwa au aliyefukuzwa.

Niliandika barua kwa mkuu wa shule nikaeleza kila kitu, nikaomba iende na kwa mtendaji. Mkuu aliisoma akavua miwani. "Unajua barua hii haimfufui mtu," aliniambia. Nilimwambia najua. Nilipewa onyo kwa maandishi, likawekwa kwenye faili langu. Watu wengi waliona nimeadhibiwa sana. Nilichokuwa naogopa kimenipata, na kilikuwa karatasi moja.

Likizo ya Pasaka nilipanda gari la Karema nikateremkia Kapalamsenga. Nilifika nimejaa vumbi na mgongo unauma. Kwa baba yake mdogo hapakuwa mbali na maji; nilimkuta ufukweni na wanawake wengine, anaanika dagaa. Alikuwa amekonda zaidi. Aliponiona hakushtuka. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniamkia kwa heshima yote.

"Shikamoo madamu."

Niliitikia. Tulikaa kwenye mtumbwi mbovu uliokuwa umeinuliwa juu ya mchanga. Nilimwambia kwamba nimeeleza. Nimemwambia bibi, nimewaambia baba zake, nimeandika na barua.

"Walisemaje?"

"Bibi alilia. Baba zako hawakusema urudi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea hivyo.

"Nilikungoja msibani," akasema. "Ulipofika na walimu nikasema moyoni, sasa madamu atasimama, ataeleza. Ukakaa."

"Niliogopa, mwanangu."

"Hata mimi niliogopa." Alikuwa anachomoa dagaa mmoja aliyeng'ang'ania kwenye kanga. "Ile siku nilichelewa kurudi kutoka kwaya. Mama alikuwa ameniwekea mboga yangu. Mdogo wangu akaja akaniomba, alikuwa anapenda karanga. Nikampa karibu yote. Hilo sikuandika kwenye daftari, kwa hiyo huwezi kwenda kulieleza."

Upepo ulikuwa unaleta harufu ya samaki na moshi. Nikamwambia nilichokuwa nimekijia. Nilikuwa nimezungumza na shule moja ya mjini wampokee. Angekaa mtaa wa Majengo kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, mtu mwema, hana watoto wadogo. Hakuna atakayemjua.

"Nitakuwa nakula kwake?"

"Ndiyo. Utakula, utamsaidia kazi ndogo ndogo."

"Hapana madamu."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria. Nikiwa darasani nitaandika kila anachosema mwalimu. Nitajuaje kipi ni kweli?"

Hakusema kwa hasira. Alinyanyuka kwa sababu wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Kongo na dagaa walitakiwa kukusanywa. Nilimsaidia. Tulikusanya, yeye upande mmoja wa turubai, mimi upande mwingine.

Mke wa baba yake mdogo alinikaribisha chakula, mtoto mgongoni. Alikuwa mkarimu, na alionekana kumpenda yule binti. Tulipobaki wawili aliniambia, "Kazi zote anafanya, mwalimu. Maji, kuni, dagaa, mtoto anambeba. Ila jikoni haingii. Nikiumwa, tunashinda na njaa au baba yao anapika. Mwambie wewe, labda atakusikia."

Nilimwambia nitajaribu. Sikujaribu. Asubuhi gari liliondoka mapema, na yeye alikuwa ameshakwenda ufukweni.

Wenzake walimaliza kidato cha nne mwaka jana. Mimi bado nafundisha pale pale, kwa Kiingereza, ndani ya darasa, na ninapokuwa sijui kitu nasema sijui, jambo ambalo wanafunzi wanalichukulia kama udhaifu. Jumamosi nyingine nakwenda kwa bibi. Ameshanizoea, au amechoka kunikataa. Tunachambua maharage, ananipa habari za ziwani anazozipata kwa simu ya mwanawe. Mara ya mwisho aliniambia mjukuu wake ameanza kupika chai. Chai tu. Akishaipika anakunywa yeye kwanza, kikombe kizima, halafu anakaa nayo mpaka inapoa kabisa, anajiangalia kama ataumwa, na watu wa nyumba ile wameshajifunza kumngoja.